Aliyekuwa Bado Chini ya Ziwa

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja pale Matema, ziwa limetulia mpaka unaiona milima ndani yake, nami nimekaa kwenye boti ya kazi nimeshika kamba. Mwisho wa kamba ile, chini kabisa, alikuwa baba yangu mdogo, Ambokile. Alikuwa mzamiaji. Mimi nilikuwa msichana tu, sijaolewa. Leo naishi Uyole, nauza viazi, na malori yanapita mbele yangu yakipiga honi mchana kutwa kana kwamba huko Tunduma wanagawa pepo. Kila nikiyaona yanavyokimbizana, naikumbuka siku ile.

Acha nikueleze kilichotupeleka. Mfanyabiashara mmoja wa mbao kutoka Iringa alinunua boti ya kifahari. Ililetwa juu ya lori, ikashuka zile kona za Tukuyu taratibu, watu wakaacha migomba yao kuja kushangaa. Ndani ilikuwa na sebule yenye zulia, vitanda, hata bafu lenye kioo. Bosi akamwajiri kijana wa kwetu, Gwamaka, awe nahodha. Jioni moja Gwamaka alikuwa akiirudisha peke yake, upepo ukaipindua, ikazama naye. Ilikwama kwenye mwamba, mbali sana chini.

Mama yake alikaa ufukweni tangu siku ile. Hakupiga kelele. Kila aliyemsogelea alimwambia neno moja tu: "Nataka nimzike."

Baba mdogo alikuwa amejifunza kuzamia bandarini ujanani mwake. Hewa yake ilitoka kwenye mashine iliyokuwa kwenye boti yetu, ikapita ndani ya mpira mrefu hadi mdomoni mwake. Kabla ya kuingia majini aliniita.

"Atupele, nikipanda nitapanda kidogo, nisimame, nipande tena, nisimame. Mtu akikaa chini sana, hewa inamwingia kwenye damu. Akipanda mbio inafoka kama soda uliyotikisa chupa. Atapooza, au atakufa. Usinivute mpaka nikupe ishara."

"Na ukichelewa, baba?"

"Sitakuwa nimechelewa. Kupanda ndivyo kulivyo."

Akazama. Baadaye alitusimulia aliyoyaona: zulia limeinuka linapepea kama nyasi, vikombe bado vimo kabatini, samaki wadogo wa bluu wanaingia dirishani na kutoka kama wenye nyumba. Alimkuta Gwamaka kwenye usukani. Alivuta shuka kitandani, akamfunga nalo vizuri, kisha akamfunga kwenye kamba ya pili, akatupa ishara.

Tukamvuta Gwamaka. Bosi mwenyewe, aliyekuwa amekuja nasi botini, alivua koti lake akamfunika. Sijapata kumwona mtu akilia namna ile, mwanangu, mtu mzima, amepiga magoti kwenye maji ya boti.

Basi tukiwa katika hali hiyo, na baba mdogo ameanza kupanda, upepo wa kusini ukaamka. Ziwa Nyasa halipigi hodi. Mawimbi yakaanza kuingia ndani, nanga ikawa inaburuzika, fundi wa injini anahangaika kuielekeza boti kwenye upepo. Bosi akapiga kelele.

"Tumeshampata! Mvute mzee tuondoke!"

"Bado, bosi. Amesimama, anasubiri."

"Anasubiri nini? Tutakufa wote hapa!"

Akaishika kamba mbele ya mikono yangu. Nilikuwa naogopa, sikudanganyi. Yeye ndiye bosi, mkubwa kwangu kwa umri, na maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Lakini sikuiachia.

"Bosi," nikamwambia, "huyu tuliyemfunika hana haraka tena. Aliye chini bado ni mzima. Ukimvuta sasa, tutarudi na wawili wa kuzika."

Alilitazama lile koti. Kisha akaiachia kamba, akachukua ndoo, akaanza kuchota maji na kuyamwaga nje. Mara kwa mara nilisikia mkono wa baba mdogo ukigusa kamba, mguso mdogo tu wa kusema yuko salama, nami nikamjibu. Alipopanda, alipanda kidogo. Akasimama. Akapanda. Nilidhani Mungu amelisahau lile ziwa. Hatimaye kichwa chake kikatokea pembeni ya boti, anahema, mzima.

Ufukweni, mama Gwamaka alitufuata majini mpaka kiunoni. Alimshika mwanawe uso, akakaa naye hivyo. Kisha akamgeukia baba mdogo, akamshika mkono. "Ndaga fijo," akamshukuru. Halafu akanitazama mimi.

"Binti, ule upepo niliuona. Nikamwomba Mungu msije mkamwacha mzima kwa ajili ya wangu."

Baba mdogo aliishi mpaka akawa mzee wa kushikwa mkono. Alifia kitandani kwake.

Sasa nisikilize, mwanangu. Utafika mahali ambapo watu wenye sauti kubwa watakuambia uvute. Wengi wao si wabaya. Wameogopa tu, kama bosi yule, na wewe usiwadharau. Ila usitii kwa sababu ya kelele. Jiulize kwanza ni nani anayekutegemea, na anahitaji nini ili atoke salama. Hapa mtaani kwetu kuna kijana ameacha pombe mwaka huu. Majirani wanauliza mbona haoi, mbona hajengi. Mimi nikimwona asubuhi amenyoa ndevu, namsalimia, namuuzia viazi, basi. Anapanda. Mwache asimame anapohitaji kusimama, maana ukimharakisha ili wewe upumue, unaweza kumpoteza.

Mungu akupe moyo mtulivu na mikono yenye nguvu. Na siku ambayo wewe ndiye utakayekuwa chini, akuwekee juu mtu wa kukungoja.