Siku ya Saba ni Tisa Tupu

Mie madarasa nilisoma mawili tu, lakini namba moja naijua mpaka utumbo wake: 142857. Alinifundisha mume wangu hapa Mtoni, ndani ya fungate, zile siku saba maharusi wanapofungiwa chumbani. Kazi yake bandarini ilikuwa kupiga chapa za namba kwenye marobota ya katani. Herufi zilimshinda, namba zilimpenda.

Kila siku aliizidisha kwa hesabu ya siku yenyewe, akaandika ukutani kwa mkaa. Siku ya pili 285714. Ya tatu 428571. Tarakimu zilezile, zinazunguka kama watu kwenye ngoma. Hamna tatu, hamna sita, hamna tisa. Somo yangu, mwanamke aliyenifunda, akaja na chai, akauona ukuta.

"Bwana harusi, hii fungate au skuli?"

"Somo, namfunda na mie!"

Chapati za somo yule zilikuwa ngumu kama soli, Mungu amrehemu. Tuyaache. Siku ya saba ngoma ikavunjika: 999999. Tisa tupu. "Leo tunatoka," akasema.

Alipochukuliwa na jeshi la Wazungu kupigana vita ng'ambo, kule Bama, tukapatana. Barua ataandikiwa na mwenzake wa kikosi, ila chini ataitaja namba yetu: barua ya kwanza yenyewe, ya pili mara mbili, hivyo hivyo. Tisa tupu aiweke kwenye ya saba, nayo asiitume mpaka ajue anarudi.

Zikaja sita, hazikukosea. Ya saba ikasema, "Mimi mzima, narudi karibuni." Chini yake: 285714.

Nikaisoma mara nyingi. Yule mwenzake aliyemwandikia alikuwa ameona zinazunguka, akazizungusha tena. Alitaka kunifariji, simlaumu. Siku ya saba tuliijua wawili tu.

Mama mkwe alikuwa anapiga vigelegele uani. Mie nikavua bangili, nikakaa eda.

"Unamkalia eda mume aliye hai? Mchawi mkubwa we!"

"Mama, namba imekosewa."

"Namba! Mwanangu robota?"

Niliomba mie ndiye niwe nimekosea, nikarudia kuzidisha mpaka mkaa ukaisha. Miezi minne na siku kumi nimelia nimeuelekea ukuta, na majirani wanacheka dirishani.

Nilikuwa nimeshatoka eda karatasi ya serikali ya kifo chake ilipofika. Mama mkwe akaanguka ukumbini. Nikamwinua, akanitazama usoni.

"Hata chozi?"

Nilitafuta hata moja la kumpa. Nilikuwa nimeyamaliza peke yangu. Tuliishi nyumba moja miaka mingi baada ya hapo, nikimpikia, nikimwogesha alipolala kitandani hajiwezi. Uchawi alinisamehe. Macho makavu siku ile, hakunisamehe.