Penseli ya Mshindi

Penseli ikichongwa tu mbele yangu, harufu yake hunipandisha hasira.

Mwalimu wetu alikuwa na sauti laini ya kubembeleza watoto. "Wanangu, kila mmoja aandike habari za kitabu anachokipenda nyumbani kwao. Aseme kina nini, na kwa nini anakipenda. Mshindi nitampa penseli mpya."

Na mimi mpumbavu nikaandika juu ya kitabu cha babu cha habari za masultani, siku ambazo hata kuwataja ilikuwa kosa. Nikaeleza kuwa kinakaa ndani ya kasha, chini ya nguo za bibi, na nakipenda kwa sababu babu akinisomea hufunga madirisha kwanza.

Penseli nikapewa mimi.

Siku ya pili, alasiri, wanaume wawili waliingia kwetu bila ya kupiga hodi. Hawakupekua pengine. Walilifungua kasha, wakakitoa kitabu, wakamchukua na babu.

"Nani kakwambieni?" bibi akawapigia kelele.

Mimi nilikuwa barazani, nachonga penseli kwa wembe.

Asubuhi yake mwalimu akaniita kwa sauti ileile.

"Naam, mwalimu."

"Kwenu kuna kitabu gani kingine, mwanangu?"

"Hakuna. Kwetu hatusomi."