Niliposema Tangi Ni Kavu

Dawa ya kuzuia mabomba yasipasuke wakati wa baridi ina rangi ya waridi, na harufu yake ni tamu ya kukera, kama sharubati iliyosahauliwa juani. Kila mwaka majani yanapoanza kuanguka huku Virginia naisikia harufu hiyo, hata pasipokuwa na mtu aliyeifungua karibu nami. Inanirudisha Manassas, kwenye uwanja wa kokoto nyuma ya gereji moja, si mbali na stesheni ya treni, ambako mjomba wangu Mutua alikodi nafasi ya kuegesha motahomu yake. Kwa asiyeijua, motahomu ni gari lililo nyumba: lina vitanda, jiko, choo, sinki, na tangi la maji chini ya kitanda cha nyuma. Ya mjomba ilikuwa kuukuu. Mapazia yake yalikuwa ya rangi ya haradali na mlango wake haukufunguka mpaka upigwe teke. Mimi niliiona kama ikulu.

Baba yangu alirudi Kenya nikiwa mchanga akapotelea hukohuko. Mama alikuwa muuguzi, na zamu zake nyingi ziliangukia wikendi, kwa hiyo Jumamosi zangu zilikuwa za mjomba. Alikuja kunichukua kwenye fleti yetu Annandale bado akiwa na sare ya nyumba ya wazee alikofanya kazi, akapiga honi mara mbili, nami nikashuka ngazi mbio, koti mkononi. Aliniita "fundi". Si utani, kazi nilipewa. Kila vuli, kabla ya baridi kuuma, tulitoa vyakula vyote motahomuni panya wasije wakahamia, tukaziba matundu kwa steelwaya, ile ya kusugulia sufuria, tukaacha friji wazi, tukamwaga maji. Kipimo cha tangi kilikuwa kimekufa zamani. Basi mimi nililala chali juu ya kadibodi chini ya gari, tochi mkononi, nikilitazama bomba la kumwagia mpaka litoe tone la mwisho. Mjomba aliuliza kutoka ndani, "Kavu?" Nami nikajibu kwa sauti kubwa, "Kavu!" Neno langu ndilo lililokuwa kipimo, na sidhani kama nimewahi kuwa mtu muhimu kiasi hicho tangu hapo.

Nilipokuwa na miaka kumi, Mwende akaja. Alikuwa binti yake mjomba, mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja, aliyebaki Kitui na bibi yake huku karatasi zikizungushwa ofisi hii na ile miaka nenda miaka rudi. Nilijua yupo, picha yake ilikuwa ukutani. Lakini wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na mimi nilikuwa nimeshalila fungu lake nikidhani ni langu. Mara Jumamosi zikawa za watu watatu. Kitanda cha juu ya kiti cha dereva, kitanda changu, akapewa yeye. Ufunguo wa mlango ukaning'inia shingoni mwake. Kiswahili chake kilikuwa kinanyooka, changu kilikuwa cha kuokoteza, nusu Kiingereza, na mjomba alipotaka kucheka sana alicheka naye kwa Kikamba, lugha ambayo hakuna aliyekumbuka kunifundisha. Hata majina: kwa Kikamba langu, Mueni, maana yake ni mgeni, na lake ni apendwaye. Ebo! Ya nini kumwita mtu hivyo mbele za watu?

Nilinuna mpaka mama akachoka. "Mueni, yule ni mtoto wake," akaniambia akifunga viatu vya kwenda kazini. "Damu ni nzito kuliko maji." Nikamwuliza kwani mimi ndani yangu mna maji. Akanitazama, akachukua mkoba wake, akaenda zamu. Wasemao mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, walisema kweli, nami nilingoja Mwende apewe jembe. Alipopewa, lilikuwa langu: zile glavu za raba nilizovaa mimi miaka miwili mfululizo. "Mfundishe, fundi," mjomba akasema. Wacha nikasirike!

Siku hiyo, ingawa ilikuwa vuli, jua liliwaka kama la kiangazi. Mjomba alifungua bomba la tangi, maji yakaanza kumwagika juu ya kokoto, masafi, yanang'aa. Mwende alisimama akayatazama kama mtu anayeona nyumba ikiungua.

"Baba, haya ni ya kunywa?"

"Ni ya kunywa."

"Na tunayamwaga tu?"

"Baridi ikija yataganda, mama, yapasue tangi." Akapanda ndani kuunganisha mpira wa ile dawa ya waridi. Dawa haikupitia kwenye tangi. Ilivutwa moja kwa moja kutoka kwenye dumu lake na kuingia mabombani, kwa hiyo aliye ndani hakuwa na njia ya kujua tangi lina nini.

Mwende alikinga ndoo ikajaa. Akakinga beseni, akakinga sufuria tuliyopikia ugali. Vyombo vikaisha na maji bado yanakuja. "Mueni, naomba chombo chochote," akaniambia. Nilikuwa nimelala chini ya gari na kadibodi yangu, nikamjibu kwa Kiingereza kwamba sijui. Kwao, nilikuja kuelewa baadaye sana, maji yalichimbwa kwenye mchanga wa mto uliokauka, yakangojewa yajikusanye, yakatekwa kwa kibuyu na kubebwa mgongoni kwa mkanda wa kichwani. Kuyamwaga ya kunywa mchana kweupe ilikuwa dhambi isiyo na toba. Akapiga magoti, akanyoosha mkono, akalifunga bomba. "Kesho nitakuja na mitungi," akaninong'oneza, akatabasamu. Kisha akaibeba ndoo kwenda kumwagilia vichaka vya ua, mwisho wa uwanja.

Gari zima kuganda kwa baridi lilikuwa jambo ambalo Mwende hajaliona. Mimi nilikuwa nimeliona, na nililijua. Nilichohitaji ni kunyoosha mkono tu, nilifungue tena bomba.

"Kavu?" mjomba akauliza kutoka ndani.

Nilifikiri haraka, jinsi mtu mwenye wivu anavyofikiri haraka. Tangi likipasuka, itajulikana ni nani asiyefaa. Ufunguo utarudi. Kitanda kitarudi.

"Kavu!" nikajibu.

Sinki ikatapika maji ya waridi, bafu likatapika, mjomba akapiga makofi. Tukalifunika gari kwa turubai, tukaenda zetu. Kesho yake ilikuwa kanisa, halafu shule, halafu mambo mengine, na mitungi haikwenda. Wiki ya kwanza ya Novemba Mwende aliniuliza tukiwa kwenye foleni ya chai baada ya ibada, "Yale maji yetu bado yapo?" Hapo Mungu alinipa nafasi ya pili, nikamwambia yapo. Akanibana mkono kwa furaha. Baridi ile ilikuwa kali, na mimi, haki ya Mungu, kila asubuhi nilikwangua barafu dirishani kwa kucha nikaomba izidi.

Aprili tukaifunua motahomu. Safari ilikuwa imepangwa, ya kwanza ya Mwende, kwenda milimani Shenandoah siku tatu. Mjomba aliunganisha mpira wa maji safi, na haukupita muda maji yakaanza kutoka chini ya kitanda cha nyuma, yakapita sebuleni, yakafika miguuni petu. Alinyanyua godoro, akanyanyua mbao. Tangi lilikuwa limepasuka kutoka kona hadi kona, na sakafu chini yake imevimba kama mkate uliolowa chai. Alilipapasa kwa kiganja. "Lakini tulimwaga," akasema polepole. "Lilikuwa kavu."

Sikuweza kungoja hata dakika. "Ni Mwende! Alifunga bomba! Nilimwona kwa macho yangu!" Kiswahili changu hakijawahi kunyooka kama siku ile.

Mwende akaushika ule ufunguo wa shingoni. "Nilitaka kuja kuyabeba kesho yake, baba. Yalikuwa masafi."

Nilingoja ngurumo. Badala yake mjomba aliketi kwenye sakafu ile yenye maji, na suruali yake ya kazini, akamvuta mwanawe, akalia. Mwanamume mzima, nikimwona. Alisema kitu kwa Kikamba, akakirudia mara nyingi. Nilimwuliza mama maana yake usiku wa siku hiyo, akaniambia: hutateka maji tena, hutateka tena. Halafu mjomba akainua uso, akanitazama mimi.

"Ulimwona?"

"Ndiyo."

"Na nilipokuuliza, ukaniambia kavu."

Njia ya mwongo ni fupi, nami niliikata mwenyewe kwa mdomo wangu. Hakunipiga, hakupaza sauti. Alisema, "Ingia garini, nikupeleke kwa mama yako." Tangu siku ile akaniita Mueni tu.

Sakafu ilioza, motahomu ikauzwa kiangazi kilekile. Sasa mimi ni mtu mzima, nina mtoto anayenielewa kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, na yeye naye hununa binamu yake akibebwa. Namwambia wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Ananitazama kama nilivyomtazama mama. Mwende ni muuguzi, anakaa Columbia Heights, na bado hafungui bomba kubwa anapoosha vyombo. Miaka mingi baadaye nilimwungamia kila kitu, pamoja na maombi yangu ya barafu. Akasema, "Mimi nilidhani unanifichia siri. Baridi ile yote nilijua nina rafiki mmoja Marekani." Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Sisi ni ndugu wazuri siku hizi, tunasaidiana kumtunza mjomba, ambaye sukari imemla macho. Mwende huenda Jumatatu na Jumamosi, mimi Alhamisi. Siwezi kusema wivu umekwisha, ningekuwa nadanganya tena. Ninapofungua mlango na chakula mkononi mjomba huwa ameketi karibu na dirisha, na kabla sijatamka neno hugeuza kichwa, uso wote ukamchangamka, akauliza, "Ni Mwende?"

"Ni mimi," namjibu. Halafu nainama kuvua viatu, taratibu sana, ili ule uso ukae hivyo kidogo kabla hajaitambua sauti yangu.