Nilimvunja Mkono Mdogo Wangu kwa Sababu ya Picha ya Mama

[Ujumbe huu umetoka kwa mfuasi wetu wa Rusizi, jina tumelificha kama alivyoomba. Msomeni mpaka mwisho kabla hamjamrukia.]

Admin, usiweke jina langu, huku Kamembe tunajuana wote. Nina miaka 33, nina mke na watoto wawili, kazi yangu ni kujenga nyumba. Kama mnataka kunitukana, tukaneni, mimi nimeshajitukana kuwashinda. Lakini mkimaliza munipe shauri.

Mimi na mdogo wangu tulizaliwa Congo, upande wa Uvira. Vita ilipofika kwetu nilikuwa na miaka kumi na saba, yeye sita. Watu wenye silaha walimkata Mama kwa panga pale mlangoni, sisi tumelala chini ndani ya shamba la mihogo, tunaona. Nilimziba mdogo wangu mdomo asilie, akaning'ata kiganja mpaka damu, alama bado ninayo. Nikamweka mgongoni. Siku tatu kwa miguu hadi Kamanyola, tukavuka mpaka, tukaingia Bugarama, upande huu. Tangu siku hiyo ananiita Yaya, yaani mkubwa wake, lakini nimekuwa baba yake na mama yake pia.

Mama alituachia picha moja tu, tuliipata kwa shangazi. Amesimama mbele ya nyumba, amemshika mdogo wangu mkono wa kuume, mtoto anacheka. Karatasi ilianza kuoza kwa unyevu, ndipo mdogo wangu akaipeleka kuskaniwa, akaitia ndani ya mashini yetu ya nyumbani, yaani kompyuta. Karatasi yenyewe ilikufa. Yeye amesoma mambo ya kompyuta, alikuwa anatengeneza mashini za watu hapa mjini, na hii ya nyumbani aliileta yeye. Aliweka antivirusi, akatupa sheria: "Flashi yoyote ipimwe kwanza. Hata ya Yaya."

Hata ya Yaya! Mimi napenda muziki jamani. Kila nikivuka Bukavu narudi na flashi imejazwa nyimbo kule sokoni. Nikiichomeka, ile antivirusi inapiga kelele, inaandika nyekundu, inafuta. Nilijua inanilia nyimbo zangu. Siku moja nikakasirika, nikaizima kabisa. Sikumwambia mtu, na baadaye nikasahau.

Jumapili moja tumetoka kanisani, nikataka kuwaonyesha batoto bibi yao. Nafungua, picha hakuna! Mahali pake kuna vialama vidogo vyenye mshale, nabonyeza, hakifunguki kitu. Mdogo wangu alikuwa ameishika mashini jana yake. Nikamwita.

"Umemupeleka Mama wapi?"

"Sijafuta kitu, Yaya. Ni virisi. Picha iko mule mule ndani, imefichwa tu. Uniachie saa moja nikuonyeshe..."

Sikumwachia hata dakika. Haki ya Mungu, mimi nikikasirika sisikii. Nilimpiga ngumi ya mdomo, akaanguka na kiti. Nikampiga mateke ya mbavu. Mke wangu alinivuta shati mpaka likapasuka, analia, "Papa, utamuua! Muache aseme!" Nikachukua chuma tunachofungia mlango. Sikiliza sasa. Yeye sikumlenga. Nililenga mashini, nikapiga kelele, "Kama Mama hayuko humu, hii takataka ni ya nini?" Na yeye, badala ya kukimbia, akatupa mkono wa kuume juu ya mashini kuikinga. Chuma kikashuka pale.

Nilisikia mifupa. Watoto wangu walisikia pia, wa kwanza mpaka leo nikiinua sauti anajikojolea.

Hospitali walimfunga plasta, wakasema vidole vitatu havitakunjika tena. Alipotoka hakurudi nyumbani. Alivuka Bukavu na shati lile lile lenye damu.

Wiki mbili baadaye, mke wangu alibeba mashini kwa fundi mwingine. Nilikwenda naye nikiwa na hasira zangu bado. Yule fundi hakumaliza hata saa moja. Aliwasha antivirusi, ikasafisha, akafungua vitu vilivyofichwa, na Mama akatokea kwenye kioo, mzima, anatuangalia. Akaomba flashi zetu zote azipime. Za mdogo wangu zilikuwa safi. Yangu ya nyimbo ilijaa virisi tupu.

"Ila kuna muntu alizima antivirusi," akasema. "Asingeizima, hiki kitu hakingeingia."

Mke wangu aliniangalia. Akaikumbatia mashini, akatangulia kutoka.

Nimempigia mdogo wangu, hapokei. Anaongea na mke wangu tu. Amemwambia kazi ya mashini haiwezi tena, kwa hiyo wiki ijayo anaingia ndani huko Congo, kwenye machimbo ya dhahabu, kule ambako bunduki hazijanyamaza tangu tukimbie. Akasema, "Yaya asiniombe pole. Anitumie picha ya Mama, basi."

Nikamjibu kupitia mke wangu: aje aichukue mwenyewe. Mke wangu ananiita mnyama. Anasema namnyima ndugu yangu mama yake mara ya pili. Mimi ninaogopa. Hiyo picha ndiyo kitu cha mwisho anachotaka kutoka kwangu. Nikiituma, hana tena sababu ya kuvuka kurudi, na huko anakokwenda watu wanachinjwa. Na nikikataa, ataenda hivyo hivyo, akifa atakufa mikono mitupu.

Sasa hivi ninaiangalia. Mama ameushika ule mkono wa kuume, vidole vyote vitano vinaonekana. Nimtumie, ama nimngoje? Nishaurini, ndugu zangu, siku zinakwisha.