Kanda za Baba Kwenye Ruta ya Safari

Ruta yenyewe ni ndogo kuliko kipande cha sabuni ya kufulia. Niliinunua miaka kadhaa iliyopita, wakati kazi yangu ya masijala ilikuwa ikinipeleka semina kila baada ya wiki chache, na nyumba za wageni tulizolala zilikuwa na waya mmoja tu wa intaneti ukutani. Unachomeka waya kwenye ruta, nayo inasambaza waifai chumba kizima. Ilikuwa ya bei ya chini, ya plastiki nyeupe, na ubavuni ina tundu la USB ambalo sikujua kazi yake. Semina zilipopungua niliitia kwenye droo pamoja na chaja za simu zilizokufa, nikaisahau.

Niliikumbuka mwaka jana, kaka yangu alipoleta diski kutoka Chemba. Yeye ni mwalimu huko. Mimi ninaishi hapa Dodoma mjini, na mama ninaishi naye tangu tulipomzika baba na kuifunga nyumba ya Bahi. Ndani ya ile diski mna kila kitu cha kwetu: picha za harusi, video za mavuno ya mpunga, na juu ya yote, kanda za baba. Kwa miaka mingi tulipokezana, inakaa kwake, inakaa kwangu, na mara moja iliwahi kuanguka sakafuni tukakaa siku nzima bila kusemeshana. Safari hii kaka aliitoa kwenye begi ikiwa imeviringishwa kwa kitenge, akaniambia amechoka kusafiri nayo mapajani kama mtu aliyebeba mayai. Ikae alipo mama.

Mimi nikataka jambo moja zaidi. Nilitaka mama aweze kumsikiliza baba mchana, mimi nikiwa kazini, bila kuhangaika na waya wala kompyuta. Mwenzangu mmoja ofisini akanifumbua macho kuhusu lile tundu la ruta. Ukichomeka diski pale, alisema, kila simu iliyomo ndani ya nyumba inaweza kuifungua, na bando haliguswi hata kidogo kwa sababu hakuna kinachotoka nje ya ukuta wako.

Hizo kanda sharti nizieleze. Baba alikuwa bwana mifugo, Mrangi wa kutoka milima ya Kondoa, aliyepangiwa kazi Bahi akaoa Mgogo wa palepale. Nilipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni upande wa Kondoa, wenzangu walipata barua. Mimi nilipata kanda. Baba alikuwa akiandika taarifa za chanjo na majosho kutwa nzima, na alisema mkono wake hauna nguvu ya kuandika tena jioni. Alikuwa na redio kaseti kubwa ya rangi ya fedha, fahari ya nyumba. Alikuwa anakaa nayo barazani, anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na kuniongelea upande mzima wa kanda. Akija mjini kuleta taarifa zake ofisini, alimkabidhi ile kanda kondakta wa basi la Kondoa, mtu wa kwao, naye aliifikisha hadi kwenye geti la shule.

Shuleni hatukuruhusiwa redio. Kwa hiyo kanda ilisikilizwa nyumbani kwa matroni, mwalimu aliyetulea bwenini, Jumamosi baada ya kufua, mimi nikiwa nimekaa kwenye mkeka na matroni mwenyewe akichambua mchele kando yangu. Baba alilijua hilo. Kila kanda ilianza kwa kumsalimia mwalimu na kumshukuru kwa umeme wake. Kisha zilifuata habari. Ng'ombe mwekundu amezaa, ndama ana alama nyeupe kwenye paji. Maji ya bwawa yamepanda mwaka huu hadi kwenye ule mti wa miiba, watu wanavua kambare kwa mikono. Usiazime sweta ya mtu, ya kwako ipo chini ya sanduku. Ukiumwa na tumbo usinyamaze. Ukishamaliza kusikiliza, geuza upande wa pili, utuambie na wewe.

Mimi niligeuza, nikawaambia, kwa sauti ya mtu anayesoma risala, maana matroni alikuwa anasikia.

Nilichokumbuka zaidi ya maneno ni vituo. Baba alikuwa anasema jambo, ananyamaza kwa muda, unasikia mbuzi na upepo wa Bahi ukipuliza kwenye kinasa sauti, kisha anaendelea. Nilidhani anafikiri. Nilipokuwa mkubwa niliwasimulia watu kwamba baba yangu alikuwa mtu wa kupima maneno.

Miaka ya baadaye, kabla kanda hazijaharibika kabisa, kaka aliunganisha ile redio na kompyuta kwa waya akazihamishia kwenye diski, moja baada ya nyingine. Kanda zenyewe ziliachwa kwenye boksi nyumbani Bahi, na mwaka ambao maji yaliingia ndani tulikuta utepe umegandamana na tope.

Basi Jumamosi moja nikaketi sebuleni na ruta, diski na kompyuta, mama akinitazama kutoka kwenye kochi. Nikachomeka. Diski ikaanza kugonga ndani kwa ndani, tik, tik, taa ya ruta ikazimika, ikawaka upya, ikazimika tena. Nikachomoa, nikarudia. Mara ya nne ilitulia kidogo, na ukurasa wa ruta ukafunguka kwenye kompyuta na kunieleza kwamba diski haisomeki, je, ninataka kuifomati? Palikuwa na kitufe cha buluu cha kukubali. Kidole changu kilikuwa kimeshafika juu yake. Sijui nini kilinizuia. Labda ni kwamba mama aliuliza wakati huohuo kama baba ameshaingia. Nikachomoa kila kitu, nikafunga kwenye kitenge kilekile, nikapanda bodaboda kwenda Kizota.

Fundi niliyeelekezwa ni mwanamke wa rika langu, mwenye kibanda katikati ya wachomeleaji wa mageti. Alinisikiliza hadi mwisho bila kugusa kitu. Nilipofika kwenye kile kitufe cha buluu akaniuliza taratibu, "Hukubonyeza, dada?"

Nikamwambia sikubonyeza.

"Basi kaa."

Alinieleza kwamba kufomati ni kufuta, na ruta haikuwa na nia mbaya, ilikuwa haifahamu tu jinsi diski ya zamani ilivyopangwa. Pia ruta ndogo namna ile haina umeme wa kutosha kuizungusha diski, ndiyo maana ilikuwa inagonga. Dawa yake ilikuwa kifaa chenye matundu manne ya USB na chaja yake yenyewe, kikae katikati ya ruta na diski. Lakini kwanza, alisema, tunanakili kila kitu kwenye diski mpya iliyopangwa ruta inavyotaka, na hii ya zamani unaifungia kabatini, haiguswi tena.

Kunakili kulichukua karibu alasiri nzima. Nje walikuwa wanakata vyuma, na yeye alivaa hedfoni kubwa akawa anajaribu faili mojamoja kuona kama zimefika salama. Alisikiliza kanda moja muda mrefu kuliko nyingine. Kisha akavua hedfoni.

"Huyu mzee anayeongea ni nani?"

Nikamwambia ni baba yangu, marehemu. Akanipa pole.

"Na huyo anayeongea nyuma yake?"

Nilimjibu kwamba hakuna mtu nyuma, labda ni majirani wanapita. Alinipa hedfoni. Nilisikia kelele ya mashine za nje tu na baba akizungumzia ng'ombe. Nilimwitikia kwa adabu, nikajua amekosea.

Jumapili, tuliporudi kutoka kanisani, niliweka ruta juu ya kabati la vyombo. Nikaunganisha kile kifaa, nikaunganisha diski mpya. Taa ikawaka ikabaki imewaka. Nikafungua ukurasa wa ruta, nikaruhusu faili zionekane nyumbani, nikaweka nenosiri. Kwenye simu ya mama ikatokea folda. Nikamwonyesha mahali pa kugusa, na kidole chake kikavu kiligusa mara tatu kabla simu haijamsikia.

Baba akaanza kuongea. Alimsalimia matroni, akamshukuru kwa umeme.

Mama alikuwa amekaa na simu kwenye kiganja, amefumba macho. Sikutaka kumwangalia akilia, kwa hiyo nikaangalia pembeni, na nilipogeuka nikaona halii. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilifikiri anamfuatisha baba, kama mtu anavyofuatisha wimbo. Nikasogea. Hakuwa anamfuatisha. Alikuwa anamtangulia. Baba akifika kwenye kituo, katika kile kimya chenye mbuzi na upepo, mama ndipo alipokuwa anaongea, kwa Kigogo, kwa sauti ya chini sana. Akimaliza, baba analisema lile jambo kwa Kiswahili.

Nikasimamisha kanda. Nikamuuliza anafanya nini.

"Ninasema yangu," akanijibu.

Nikapandisha sauti hadi mwisho, nikarudisha nyuma, nikaweka sikio. Ndani ya kile kimya, nyuma ya upepo, alikuwepo. Mwanamke kijana, mbali kidogo na redio, anaongea harakaharaka kama mtu anayetaja vitu vya kununua gulioni asije akasahau kimoja.

Mama alinieleza bila kulikuza jambo. Kiswahili chake wakati ule kilikuwa cha sokoni, alisema, cha kuuliza bei na kumjibu nesi. Alijua kanda itachezwa mbele ya mwalimu, na hakutaka mwalimu asikie mama yangu anavyogongagonga maneno, wala hakutaka niongeleshwe lugha ambayo mwalimu hataielewa, akadhani tunamsema. Kwa hiyo alikuwa anakaa kwenye kizingiti, na baba anakaa na redio. Yeye anasema, baba anageuza kuwa Kiswahili.

"Baba yako angekuandikia mistari miwili," alisema. "Angekuambia soma kwa bidii, basi. Yale ya sweta angeyajua wapi?"

Miaka yote nilikuwa nimembeba baba wa ndama mwenye alama kwenye paji, baba wa tumbo linalouma, na nusu yake alikuwa ni mtu aliyekuwa ananipikia uji kila asubuhi nikiwa likizo bila mimi kumwuliza lolote.

Tulisikiliza kanda nyingine mbili siku hiyo. Kwenye mojawapo kulikuwa na kimya kirefu kuliko vingine, mama wa kwenye kanda akasema maneno mengi kwa mkupuo, na baba hakuyageuza. Alikohoa, akasema mvua imechelewa. Kigogo changu hakitoshi, nikamwuliza mama alikuwa amesema nini.

Aliangalia mikono yake kwanza. "Nilimwambia akuambie kwamba ninakula mlangoni. Tangu umeondoka siwezi kula pale ulipokuwa unakaa. Akanikataza. Akasema mtoto atalia mbele ya mwalimu wake."

Nililia siku hiyo, na hapakuwa na mwalimu.

Jioni nikampigia kaka. Nilimsimulia yote, nikitarajia ashangae. Badala yake akaniambia kwamba aliisikia ile sauti zamani, wakati wa kuzihamisha kanda. Aliidhani kelele. Kwenye zile kanda nne za mwanzo, kabla hajachoka na kazi ile, alikuwa amekata vimya vyote ili baba asikike vizuri.

"Nilikuwa ninasafisha, mdogo wangu," alisema. Alilirudia mara mbili.

Nilizifungua. Ni kweli. Kwenye zile nne baba anaongea moja kwa moja kama mtangazaji, hakuna mbuzi, hakuna upepo, hakuna mtu kwenye kizingiti. Na kanda zenyewe zilikwenda na tope la Bahi, hakuna pa kurudi.

Nilisita kumwambia mama. Nilipomwambia hatimaye, hakuonekana kuumia kama nilivyoogopa. Alitaka kujua tu ni zipi. Kaka alikuja wiki iliyofuata, akamwamkia, akaomba radhi akiwa amechutama mbele ya kochi, na mama akampapasa kichwani akamwambia alete kiti akae.

Siku hizi nikirudi kutoka kazini ninamkuta na simu kiganjani. Zile nzima anazisikiliza kimya. Lakini akifika kwenye moja ya zile nne, anaisimamisha kila baada ya sentensi mbili tatu na kunieleza, kwa Kiswahili chake cha sasa kilichonyooka kabisa, alichokuwa amesema pale palipokatwa. Anakumbuka mengi. Mengine anayatunga. Jana alinihakikishia kwamba kwenye kanda ya kwanza alimwambia baba anisalimie na kunieleza jinsi mtoto wa kaka anavyotambaa, na mtoto huyo alizaliwa mimi nikiwa nimeshamaliza shule na nimeshaanza kazi. Nilikuwa ninamenya vitunguu. Nikamwuliza mtoto alikuwa anatambaa kuelekea wapi, naye akaniambia.