Priya Watatu na Mtoto Asiye na Jina

"Priya!" aliita nesi kwenye kliniki moja ya mtaa wa Al Khuwair, wakainuka akina mama watatu wa Kihindi, kila mmoja na kichanga chake, wakachekana. Wangu alikuwa na siku tisa na hana jina, maana mavyaa, mama wa mume wangu, anataka jina la marehemu mamake na mimi nataka Salma, na kumwambia naogopa, naogopa kweli. Nikamuuliza kwa Kiarabu mmoja wao aliyekaa karibu yangu, jina gani hili?

"La Kisanskriti, la zamani. Maana yake mpendwa. Kwetu ukiliita sokoni, nusu ya soko inageuka."

"Na wakwe walikubali?"

"Mama mkwe alitaka Lakshmi, mimi nikaandikisha Priya. Sasa yeye ndiye analiita mpaka majirani wanachoka!"

Zamu yetu ikafika, mimi na mavyaa tukasogea kwa nesi na mtoto. "Jina la mtoto?" Mavyaa akafungua mdomo, nikamuwahi: "Salma!" Ilinitoka kama yowe.

Mavyaa akaniangalia, akaweka sawa mtandio wake, akamwinamia nesi.

"Salma. Andika vizuri, usinikosee mjukuu wangu."

Tangu jana analiita yeye, na majirani zetu wa Mawaleh washaanza kuchoka.