Mashine Waliyoiwekea Maua

Binti yangu aliniomba nikauone ukumbi atakaofanyia harusi, kwa sababu yeye siku hiyo alikuwa kazini. Nilitoka kwangu Rexdale, pembezoni mwa jiji, asubuhi, kwa basi, treni, kisha tramu, nikashuka Corktown, mtaa wa kale wa Waairishi. Nyumba za matofali zimebanana, na upande wa chini kuna kiwanda cha pombe kilichofungwa zamani. Siku hizi wanapaita mahali pa sanaa. Wanauza picha za kuchora, vyungu na chokoleti. Nilinunua kahawa, nikainywa nimesimama. Kila meza ilikuwa na mtu na mwenzake.

Mama mmoja wa Kizungu alikuwa akitembeza wageni bure, nami nikafuata kwa nyuma. Niliishia darasa la saba, na Kiingereza changu ni cha kiwandani: beba, haraka, weka sahihi hapa. Lakini nilimwelewa. Alisema Waairishi walifika hapa wakikimbia njaa, wakapewa kazi zilizokataliwa na wengine, na wengi wakaumia kazini. Wageni wakasikitika kidogo, wakaendelea kupiga picha. Nilitaka kuuliza walioumia waliumizwa na nani. Nikayapanga maneno kichwani, na nilipomaliza kuyapanga wao walishakata kona.

Mlangoni pa ukumbi wa harusi, humo humo kiwandani, wameweka mashine ya zamani. Ina gurudumu kubwa na meno ya chuma, imepakwa rangi nyeusi ya kung'aa na juu yake kuna maua. Yule mama alisema maharusi wote hupigia picha hapo. Mimi macho yalikwenda kwenye meno. Kando yake kuna matundu manne ya bolti, matupu. Mtu aliyewahi kufanya kazi ya mashine anajua hapo palikuwa na kinga ya kuzuia mkono usiingie, na kwamba mtu aliifungua.

Mimi mashine haikunikata. Nilikatwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Yeye ndiye alikuwa msimamizi wa zamu yetu kwenye kiwanda cha maboksi, na yeye ndiye aliyefungua kinga ya kisu ili kazi iende mbio. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vikabaki mle. Kisha akaandika kwenye ripoti kwamba niliifungua mwenyewe. Mke wangu akaniletea karatasi hospitalini, akaniambia weka sahihi, ni ya bima. Kumbe ndiyo ile ripoti. Sikuweza kuisoma. Yeye aliweza. Siku hizi anaishi kwa kaka yake Mississauga, mji wa jirani, na binti yetu alikulia huko.

Jumapili iliyotangulia binti alinipigia simu. Alisema anataka meza moja ya familia, mimi na mjomba wake tukae pamoja. Kama haiwezekani, basi mmoja asije. Nilijua mmoja ni nani. Halafu akaniuliza, "Baba, umemsahau anko?"

Nikamjibu sijamsahau hata siku moja. Akaaga.

Nikiwa nimesimama mbele ya yale matundu ndipo nikakumbuka. Alipokuwa mdogo alivunja glasi, akaja analia, "Baba, nisahau." Mimi na mama yake tulicheka mpaka tukakaa chini, na hakuna aliyemrekebisha.

Nikampigia. Alikuwa kwenye mapumziko ya chakula.

"Mwanangu, Jumapili ulitaka kujua kama nimemsamehe?"

"Si ndivyo nilivyosema?"

"Ulisema kusahau."

"Kwani kuna tofauti?"

Nilimwambia ipo, na kwamba moja siwezi kabisa, hata kufunga kamba za viatu kunanikumbusha. Ile nyingine sijui.

"Kwa hiyo huji," akasema, kwa Kiingereza.

"Nakuja. Mwambie mjomba wako awahi. Asimame na mimi hapa mlangoni, penye hii mashine, aseme nani alifungua kinga. Aniambie mimi peke yangu, si lazima watu wasikie. Akishasema, nitakaa naye meza moja na nitakula."

Nilisikia wenzake wakicheka huko nyuma.

"Baba, kinga ni nini?"

Nikajaribu kumweleza. Kile kifuniko, kile kinachozuia mkono. Akauliza kama ni glavu. Nikasema hapana. Neno la Kiingereza sikuwa nalo. Bila shaka liliandikwa kwenye ile karatasi niliyotia sahihi, lakini hakuna aliyewahi kunifundisha. Akasema mapumziko yamekwisha, atanipigia.

Nikaona bora nimtumie picha. Mbele ya mashine walikuwapo watu wawili, wanajipiga picha, wanajitazama, wanacheka, wanajipiga tena. Nikasubiri mpaka walipoondoka. Kisha nikasogeza maua pembeni, nikaweka mkono wangu wa kushoto pale penye matundu, nikapiga picha.